Kitengo cha Sarafu Zisizoguswa

"Wizara ina furaha kuwatangazia wananchi wote," alisoma Bwana Glavu mbele ya vipaza sauti, "kwamba baada ya juhudi za muda mrefu, nchi yetu imefanikiwa kutengeneza fedha nzuri kiasi kwamba haifai kutumika."

Waandishi wa habari walipiga makofi kwa nguvu, maana chai ilikuwa bado haijaletwa.

Fedha yenyewe ilikuwa sarafu ya kumbukumbu, iliyotolewa kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Wizara. Upande mmoja ilikuwa na nembo. Upande wa pili ilikuwa na uso wa Mheshimiwa Waziri akitazama kushoto, kwa sababu wataalamu waligundua kwamba akichorwa kutoka upande wa pili anakuwa na videvu vingi, na kila kidevu kingeongeza gharama ya madini. Kila sarafu ilifungiwa kiwandani ndani ya kikasha cha plastiki angavu. Kwa maandishi yaliyokuwa juu yake, sarafu moja ilitosha kununua mkate. Lakini waraka wa Wizara ulifafanua kwamba hiyo ilikuwa thamani ya watu wenye haraka. Thamani ya kweli ilikuwa humo kikashani, ikikua kimyakimya, mradi kidole cha binadamu kisiiguse. Ikiguswa tu, basi. Inarudi kuwa mkate.

Ili neema hiyo imfikie mwananchi wa kawaida, wastaafu wote wa mwaka ule walilipwa kiinua mgongo chao chote kwa sarafu hizo. Waliondoka na utajiri wao kwenye magunia, masanduku na mabegi ya kubebea watoto. Waliouliza watanunulia nini chakula waliombwa wasitumie lugha ya uchochezi. Na ili asitokee wa kuwashawishi, kila mwenye duka alipewa onyo: atakayepokea sarafu hiyo atahesabiwa kuwa ni mharibifu wa urithi wa taifa.

Kusimamia yote hayo kukaundwa Kitengo cha Sarafu Zisizoguswa, chini ya Bwana Glavu.

Watu wasiojua mambo walidhani Bwana Glavu ni mtaalamu wa sarafu. Hakuwa. Alikuwa ametokea Idara ya Itifaki, dawati la mashada ya maua. Siku ya usaili alikuwa na upele mikononi, akavaa glavu nyeupe ili asiwakere wakubwa. Jopo likatazamana. Waombaji wengine wote walikuja mikono mitupu, kama wahuni. Akapewa kazi hapo hapo. Upele ukapona, glavu zikabaki, na jina lake la ukoo likasahaulika hata nyumbani kwake.

Kitu kimoja tu kilimkosesha usingizi: Ukurugenzi. Mkurugenzi alikuwa na zulia, dereva na kiti kinachozunguka. Yeye kiti chake hakikuzunguka, kilichechemea.

Siku moja asubuhi, mlango wa Kitengo ulifunguliwa bila kubishwa, akaingia dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu, akiburuta sanduku la bati. Dada huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamlipia ada ya bweni kwa mshahara wa zamu za usiku. Alikuwa na sauti ya mtu aliyewachoma sindano nusu ya watu wazima wa mji na anawakumbuka wote walivyolia.

"Shikamoo dada. Tafadhali usivute pumzi kwa nguvu. Pumzi ya raia ina unyevu."

"Marahaba. Na hayo masoksi mkononi utayavua lini? Haya, sikiliza, mdogo wangu. Paa langu limetoboka. Si kuvuja, ni kutoboka. Nikilala naiona ndege ikipita. Mawingu yameshaanza kukusanyika, na mwenye duka la mabati amenifukuza na sanduku langu kama nimemletea nyoka. Niandikie kibali nitumie hela yangu."

Bwana Glavu alikunja vidole vyake vyeupe juu ya meza, kama alivyofundishwa kwenye semina.

"Dada, wewe huna shida. Wewe ni tajiri."

"Mimi?"

"Tajiri mkubwa. Kila unapokaa bila kutumia, unazidi kutajirika. Mwenzio mimi nakuonea wivu."

"Na nikiloa?"

"Utaloa ukiwa tajiri. Ni tofauti kabisa na kuloa kwa kawaida."

Dada yake alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa aliyekunywa dawa ya kuchua.

"We mtoto," alisema taratibu, "nilikunyoa upara mwenyewe ulipopata mapunye, yale mashilingi ya kichwani. Usinifanye nikakunyoa tena."

Bwana Glavu alitazama mlangoni kuona kama katibu muhtasi amesikia. Alikuwa amesikia. Basi akaahidi, kwa sauti kubwa ya kiofisi, kwamba suala la paa la dada yake litafikishwa katika ngazi husika.

Ngazi husika ilikuwa Kamati ya Kutumia au Kutunza. Kamati hiyo ilikutana kwenye ukumbi wenye feni moja iliyozunguka kwa kusitasita, kana kwamba nayo inasubiri kibali. Kulikuwa na Mwanasheria, Mchumi na Afisa Itifaki, na kila mmoja alipokea posho yake kwa noti za kawaida, zilizochakaa vizuri.

"Kabla hatujafika mbali," alisema Mwanasheria, "tujiulize. Kutumia ni nini?"

Wakajiuliza mpaka chai ikaja.

Mchumi alipendekeza njia ya kati, aliyoiita matumizi tunzi. Mteja aende dukani na sarafu yake kikashani. Amwonyeshe mwenye duka. Mwenye duka aitazame kwa heshima, kisha kila mmoja aondoke na chake.

"Na bidhaa?" aliuliza Bwana Glavu, maana dada yake alikuwa bado anamvuma masikioni.

"Bidhaa inabaki dukani. Kwa hiyo hata bidhaa nayo imetunzwa."

Wajumbe waligonga meza kwa furaha. Walikuwa karibu kulipitisha pendekezo hilo pale Mheshimiwa Waziri alipoingia, jasho likimtiririka, na wote wakasimama hata aliyekuwa na kitumbua mdomoni.

"Kaeni. Uamuzi ni kutunza," alisema Mheshimiwa. "Nani anataka kutumia?"

Hakuna aliyetaka.

"Nasikia kuna wastaafu wananung'unika juu ya mapaa. Wavumilie. Nimeitisha mnada wa kimataifa. Wanunuzi watakuja kutoka dunia nzima, na siku hiyo itakuwa sikukuu, maduka yote yafungwe, wananchi waje washuhudie thamani ikipanda kwa macho yao. Tutaanza na sarafu zangu mimi. Kwa mfano tu."

Mheshimiwa alikuwa amejitengea makreti kadhaa ya sarafu kwa niaba ya vizazi vijavyo, hasa vile vya nyumbani kwake.

Ilipobaki siku moja kabla ya mnada, alikuja Kitengoni kukagua makreti yake, akanuna. Ndani ya plastiki, alisema, uso wake ulionekana umefifia. Kwenye televisheni angeonekana mgonjwa.

"Glavu, zitoe humo. Zisugueni. Nataka zing'ae mpaka mtu akitazama afumbe macho."

Kwa sekunde moja hivi, jambo fulani lilijaribu kupita kichwani mwa Bwana Glavu, jambo lililohusu neno "zisizoguswa" lililoandikwa mlangoni pake. Lakini nyuma ya jambo hilo aliona zulia.

"Mara moja, Mheshimiwa. Naruhusiwa kuuliza tutumie nini?"

"Si mna glavu?"

Basi watumishi wote wa Kitengo walivalishwa glavu, ili kulinda thamani. Wakavunja vikasha, wakazimwaga sarafu kwenye mabeseni, wakazisugua kwa jivu, dawa ya meno na nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Katibu muhtasi, mwenye mkono mzito, aliusugua uso wa Mheshimiwa mpaka pua ikaanza kufutika. Bwana Glavu alizunguka kati ya mabeseni kama mwalimu wa zamu siku ya usafi, akihimiza, "Na kwenye masikio! Na kwenye masikio!" Jioni ilipofika sarafu zilikuwa zinawaka kama vijiko vya harusini.

Siku ya mnada uwanja wa Wizara ulipambwa kwa vitambaa. Wakubwa walikaa kwenye hema, kwenye viti vya mito. Wastaafu waliletwa kupiga makofi, wakapangwa nyuma juani, kila mmoja na sanduku au gunia lake kifuani, maana hawakuwa na mlango wa kuaminika wa kuliacha. Dunia nzima ilikuwa imealikwa, na dunia nzima ilimtuma mtu mmoja: bibi mkusanyaji wa sarafu, mdogo wa umbo, mwenye miguu iliyovimba kwa safari na kioo cha kukuzia kwenye kamba shingoni.

Bibi huyo alichukua sarafu moja ya Mheshimiwa, akaiweka chini ya kioo chake. Akaigeuza. Akachukua nyingine. Vipaza sauti vyote vilikuwa wazi.

"Nani amezisugua?"

"Vijana wangu!" alisema Mheshimiwa, kifua mbele. "Unaonaje?"

"Naona mikwaruzo."

"Lakini zinang'aa."

"Zinang'aa, ndiyo. Sarafu ikishasuguliwa, kwetu sisi imekufa. Hii sasa ni ya kununulia mkate."

"Kwa hiyo hununui?"

"Mkate nimekula hotelini," alisema bibi kwa upole. Akavua miwani, akafuta. "Inasikitisha. Sarafu yenyewe ni nzuri. Isiyoguswa ningeinunua kwa bei ya gari jipya. Kesho alfajiri naondoka, kama mtaipata mtaniambia."

Watu waliguna uwanja mzima. Mheshimiwa yeye hakuguna. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuzidisha: gari, mara sarafu, mara makreti. Alimshika Bwana Glavu kwenye kiwiko, akamburuta nyuma ya pazia.

"Zisizoguswa ziko wapi?"

"Kwa wastaafu, Mheshimiwa."

"Zote?"

"Zote. Si tuliwakataza?"

"Na wametii?"

"Maduka yaliwafukuza. Hawakuwa na jinsi."

"Wazalendo," alinong'ona Mheshimiwa, macho yamelowa. "Nchi hii ina wazalendo. Nenda kazichukue."

"Niwanyang'anye?"

"Mbele ya kamera? Una wazimu? Badilishaneni. Wao watupe zao, sisi tuwape hizi zilizotakata. Sarafu ni sarafu. Ukifanikiwa, Glavu, kesho unaamka Mkurugenzi."

Bwana Glavu alitoka akiwa mwepesi kama karatasi. Alimkuta dada yake kwenye meza ya chai, ameinama miguuni mwa yule bibi mgeni, anamfinya kifundo cha mguu na kumwambia apunguze chumvi. Wawili hao walikuwa wakicheka kwa sauti ya chini. Alisubiri bibi aondoke, kisha akaeleza pendekezo la Wizara kwa maneno marefu.

"Kwa Kiswahili?" aliuliza dada.

"Mheshimiwa anataka sarafu zenu. Anawapa zake, zinang'aa zaidi."

"Zile alizozikwaruza?"

"Dada, nakuomba. Ni cheo changu hiki. Kuna zulia."

Dada mkubwa alimtazama huyu mdogo wake. Kisha akatazama juu. Mawingu yalikuwa yameshuka, meusi, yamejaa.

"Mimi sarafu zimenichosha," alisema. "Ukitumia kosa, ukitunza unaloa. Nataka mabati. Na hawa wenzangu wa mtaani nao wanataka mabati. Yakishapigiliwa misumari, mtabeba kila gunia mnaloliona hapa."

"Leo sikukuu, dada. Maduka yamefungwa."

"Nani kayafunga?"

"Mheshimiwa."

"Basi yeye anayo. Mabati ya rangi, damu ya mzee, mapya kabisa. Nayaona kila nikienda kliniki. Ukipita barabara ya juu, huwezi kuyakosa, yamefunika nusu ya mlima."

Bwana Glavu alicheka, akidhani ni utani. Dada yake hakucheka. Bwana Glavu akarudi nyuma ya pazia kupeleka jibu, akijua kwamba hapo ndipo atakapofukuzwa kazi. Lakini Mheshimiwa alisikiliza mpaka mwisho, akapiga mahesabu kwa vidole, akatabasamu kwa huruma.

"Yaani hawataki hata nyongeza? Mabati tu? Maskini ya Mungu. Hii ndiyo faida ya kutosoma uchumi."

"Mheshimiwa, mawingu hayo..."

"Glavu, kwa pesa hizo kesho naezeka dhahabu. Waambie wapande."

Mchana ule ule vijana wa mtaa walipanda juu ya nyumba ya Mheshimiwa na nyundo na mitaimbo. Waliondoa mabati ya jumba kubwa, ya nyumba ya wageni, ya gereji, ya kibanda cha walinzi na ya banda la mbwa. Mke wa Mheshimiwa alisimama sebuleni akitazama juu, mwanga wa mchana ukimpiga usoni mahali ambapo haujawahi kumpiga.

"Mume wangu, sasa naona mbingu."

"Zizoee," alisema Mheshimiwa. "Ndiko tunakokwenda."

Malori yalipeleka mabati mitaani, na yaliporudi yalirudi na magunia, masanduku na mabegi ya watoto, vikasha vikigongana ndani kwa sauti ndogo za utajiri. Bwana Glavu aliyasindikiza yote bila kumruhusu mtu kukohoa. Jua likielekea kuzama, yeye na Mheshimiwa walisimama kwenye ukumbi wa hoteli, mbele ya yule bibi aliyekuwa akifunga begi lake.

"Tumezipata," alisema Mheshimiwa, akihema. "Zisizoguswa. Lori zima liko nje. Nyingine nyumbani. Bei ni ile ile ya gari, sina tamaa."

Bibi aliweka chini soksi aliyokuwa akiikunja.

"Lori?"

"Lori."

"Mheshimiwa, mimi ni mkusanyaji. Wa kila aina nachukua moja. Na hii nimeshaipata." Akafungua kijisanduku chenye velveti, na humo, ndani ya plastiki yake, Mheshimiwa alikuwa akitazama kushoto. "Nimeuziwa wakati wa chai na yule mama muuguzi. Uwanja mzima ule, ndiye peke yake aliyeniuliza nataka ngapi."

Mheshimiwa aligeuka kulitazama lori lililokuwa nje.

"Halafu ziko lori zima?" Bibi alitikisa kichwa. "Basi hata hii nimenunua ghali. Ningejua nisingelipa hata baiskeli."

Mvua ilianza Bwana Glavu akiwa njiani. Hakwenda kwake. Miguu ilimpeleka yenyewe mpaka kwa dada yake, akaingia ameloa mpaka kwenye glavu, akasimama kizingitini. Ndani kulikuwa kukavu. Wastaafu wa mtaani walikuwa wamejazana kwenye mkeka, wakila wali, na kwenye meza palikuwa na noti za yule bibi, zile za kawaida zenye kunjo na madoa, ambazo dada mkubwa alikuwa akiwagawia wenzake kwa mkono mtupu huku akilamba kidole. Juu, mabati ya damu ya mzee yalikuwa yakinguruma kwa mvua mpaka watu wakawa wanaongea kwa kupiga kelele.

"Vua hayo yaliyoloa, unawe, ule," alisema dada. "Na usiniambie habari ya zulia."

"Dada, ulijua?"

"Nilijua nini? Nilimuuliza mtu swali. Kaa."

Alivua glavu, akanawa, akakaa. Hajamaliza tonge la kwanza simu ikalia. Akaitazama, akasimama wima, akafunga kifungo cha shati.

"Mheshimiwa."

Sauti ya upande wa pili ilisikika mkeka mzima. Ilikuwa ikipiga kelele juu ya magunia yaliyojaa sebule, juu ya wenye maduka aliowagongea majumbani, wakakataa kupokea sarafu hata moja kwa sababu ya onyo lenye sahihi yake mwenyewe, na juu ya makochi. Kisha ikashuka, ikawa ya mtu anayeomba.

"Glavu, wewe ndiye mkuu wa Kitengo. Nipe msimamo wa kitaalamu. Nizitumie au nizitunze?"

Bwana Glavu alifunika simu kwa kiganja.

"Mheshimiwa huyo. Anauliza afanye nini na sarafu."

"Mvua yote hii?" Dada mkubwa alichota wali, akafikiri kama muuguzi anayetaka kuandika dawa. "Mwambie aziingize ndani."

Bwana Glavu alikohoa, akaisogeza simu mdomoni.

"Mheshimiwa, Kitengo kinashauri, kwa heshima na taadhima, uziingize ndani."

Ilisikika tu mvua ya kule, ikipiga bila kizuizi juu ya makochi, na sauti ya mke wake ikiuliza, kutoka mahali fulani humo sebuleni, ndani ni wapi.